Nusu ya Pili ya Hadithi ya Fundi Lin

Kasanga,
7 Oktoba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepunguza ubishi. Sisi huku hatujambo. Shangazi Rhoda bado anaanika dagaa na kugombana na kunguru, na mpaka leo kunguru ndio wanaoongoza.

Nina habari kubwa. Unaikumbuka boti ya ushirika iliyolala mchangani tangu nikiwa darasa la tano? Basi siku hizi za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara, wavuvi na wafanyabiashara wa hapa wameunda kikundi, wameichukua, wameiziba matundu, wameipaka rangi ya bluu na kuitia injini ya dizeli. Wameiita Upesi. Nimeiona ikijaribiwa, na nakuambia jina hilo ni la kujipa moyo tu. Itabeba watu na mizigo kwenda Mpulungu, ng'ambo Zambia, na pengine hadi Kongo.

Sasa wanatafuta fundi wa kusafiri na injini hiyo. Kikao kilichacha, kila mtu anamtaja mpwa wake. Mwisho katibu wao, Mama Asnath Simfukwe, akasimama akasema, "Tumwandikieni Mzee Tadei wa Mazwi. Yule aliyemtaja adui yake kwenye mashine ya Matai. Atakayemtaja yeye, hakuna maneno tena." Wote wakakubali, hata waliokuwa wameanza kukunja ngumi. Wengine wakanitazama, mimi nikatazama miguu yangu.

Baba, huu ni mwaka wa tatu natengeneza injini za mitumbwi kwa sanduku la spana ulilonipa. Injini za ziwani nazijua. Sikuombi unipendelee, naomba tu usinisahau. Bwana Romani wa Mpulungu ananiita kwenye gereji yake, na nikikosa hapa nitavuka, maana siwezi kuzeeka nikitengeneza cherehani za watu.

Mwanao,
Adela

*

Mazwi, Sumbawanga,
16 Oktoba 1993

Mama,

Marahaba sana. Goti halijambo, linauma ikinyesha tu, na huku Ufipa utamwambia nani mvua isinyeshe?

Barua ya Kasanga nimeipata. Imeandikwa kwa heshima kubwa. Nimemsomea jirani Polikarp mara mbili, ya pili kwa sababu alisinzia. "Sisi wana kikundi tunaamini neno lako kuliko macho yetu." Ndivyo walivyoandika, mama. Mtu akizeeka akasikia maneno kama hayo, hata uji unashuka vizuri.

Unajua jina langu la mtu wa haki lilitoka wapi. Masunga aliingiza ng'ombe kwenye ulezi wangu, tukapigana fimbo mbele ya ofisi ya kijiji, yeye akapoteza jino, mimi nikapata kovu la nyusi. Mwaka wa pili Matai wanapata mashine ya kusaga, wananiuliza nani aishike. Nikamtaja Masunga. Mpaka mwenyekiti akaangusha kalamu! Lakini Masunga alikuwa amefanya kazi kwenye kinu cha pamba huko kwao Usukumani, na injini anaijua kama anavyojua ng'ombe wake. Nikawajibu kama alivyotuhadithia Fundi Lin tulipojenga reli ya Wachina: mliniuliza anayefaa, hamkuniuliza adui yangu ni nani. Leo mashine ile haijalala hata wiki moja.

Hiyo ndiyo haki, mama. Mtu anajitoa yeye kabisa, linabaki jambo la wote.

Kikundi nimewajibu, wenyewe watakusomeeni. Nakutumia debe la maharage kwa dereva wa lori la dagaa. Msalimie dada yangu, mwambie kunguru wapewe amani.

Baba yako,
Tadei Kasonso

*

Kasanga,
2 Novemba 1993

Baba,

Shikamoo.

Barua yako imesomwa jana mbele ya watu wote. Mama Asnath ana sauti nzuri, kila neno lilisikika. Ulimtaja Fransisko wa Sumbawanga, mtu mwaminifu, mtu wa kanisani, asiyekunywa, asiyegombana, asiyedaiwa, miaka kumi na mbili kwenye malori bila lawama. Sifa sita, nilizihesabu. Walipiga makofi.

Mimi hukunitaja hata kwa kusema sifai.

Fransisko simsemi vibaya, ni mtu mpole. Amefika leo, na swali lake la kwanza alipofunuliwa injini ya Upesi lilikuwa rejeta iko wapi, aongeze maji. Baba, injini ile haina rejeta. Inanyonya maji ya ziwa, inapoa, inayatapika ubavuni. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi asiyejua injini inakunywa wapi asiiguse.

Maharage yamefika, ahsante.

Adela

*

Mazwi, Sumbawanga,
14 Novemba 1993

Mwanangu,

Umekasirika, nimeona hata mwandiko umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Sikulaumu. Lakini jaribu kukaa kwenye kiti changu.

Ningekutaja, wangesemaje? Wangesema, kumbe mzee ni kama wengine. Wangesema, alimtaja Masunga kama chambo ili tumwamini, kisha avue samaki wake. Kila mtu siku hizi anavuta kwake. Mwenye ofisi anaweka shemeji, mwenye stoo anaweka mjomba. Mimi nimebaki na kitu kimoja tu, neno langu. Nikilitia doa, nitakuachia nini?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Na mimi siwezi kuisifia damu yangu. Fransisko atajifunza, maji ni maji tu.

Wewe bado ni kijana, una miaka ishirini na mmoja. Nafasi zitakuja, vumilia.

Baba yako,
Tadei

*

Kasanga,
3 Januari 1994

Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Kinyozi hajinyoi, ni kweli. Lakini wanawe huwanyoa. Sijaona mtoto wa kinyozi anayetembea na nywele za mwitu ili baba yake asifiwe.

Nimeamua kuvuka kwenda Mpulungu kwa Bwana Romani. Jumamosi kuna mtumbwi. Shangazi amelia, kisha amenifungia dagaa wa kutosha jeshi zima.

Leo nilikuwa namwaga sanduku la spana nilisafishe kabla ya safari. Chini kabisa, chini ya kile kitambaa cha turubai, nimekuta daftari lako la reli. Lina grisi kila ukurasa. Nimelisoma lote nikiwa nimekaa chini. Ukurasa mmoja naunakili hapa kama ulivyouandika mwenyewe, nisije nikasingiziwa:

"Mlimba, Aprili 1971. Leo mvua, kazi imesimama. Fundi Lin katuhadithia, mkalimani akitafsiri. Zamani za kale huko kwao mfalme alimwuliza mzee mmoja, nani anafaa kupewa wilaya fulani. Mzee akamtaja mtu. Mfalme akashangaa, huyo si adui yako? Mzee akasema, umeniuliza anayefaa, hukuniuliza adui yangu. Baadaye mfalme akamwuliza tena, nani anafaa kuongoza askari. Mzee akamtaja mwanawe wa kumzaa. Mfalme akashangaa zaidi, huyo si mwanao? Mzee akasema, umeniuliza anayefaa, hukuniuliza mwanangu. Na wote wawili walifanya kazi vizuri. Wachina wanalisema jambo hili kwa maneno manne: da gong wu si. Fundi Lin anasema maana yake la wote mbele, langu halimo. Nikamwuliza, katika hizo mbili ipi ngumu? Kacheka sana. Kasema, ukizaa utajua."

Baba, tangu nikiwa mdogo umenihadithia habari za yule adui pengine mara mia. Za mwana hukunihadithia hata siku moja. Nilidhani hadithi inaishia pale mwenyekiti alipoangusha kalamu.

Mimi nilizaliwa Desemba ya mwaka uleule. Umezaa, Baba. Umejua?

Daftari nakurudishia pamoja na barua hii. Sanduku naondoka nalo.

Adela

*

Kikundi cha Boti Upesi,
Kasanga,
10 Januari 1994

Mheshimiwa Mzee Tadei Kasonso,

Shikamoo.

Kwa heshima na masikitiko kidogo, halafu na furaha, tunakuarifu yaliyotokea.

Jumamosi tarehe 8 Upesi iliondoka asubuhi na watu thelathini na mmoja, magunia ya mahindi na mbuzi wanne. Ilipofika nje kidogo ya ghuba ikaanza kunuka moshi. Fundi Fransisko aliizima haraka, na kwa hilo tunamshukuru, vinginevyo tungezika injini. Kisha akafungua kila kitu asione kosa. Upepo ukaanza kutusukuma Kongo. Nilikuwemo mimi mwenyewe, mzee wangu. Watu walianza kuimba nyimbo za mazishi wakati bado tunaona nyumba zetu.

Ufukweni alikuwepo binti yako Adela, amekaa juu ya sanduku lake, anasubiri mtumbwi wa Mpulungu. Wavuvi wakambeba yeye na sanduku kwa mtumbwi hadi kwetu. Alipopanda hakumsalimia mtu. Alifungua bomba linalonyonya maji, akatoa mchanga na majani ya ziwani ujazo wa kofia. Ndani ya pampu kile kigurudumu cha mpira kilikuwa kimekatika vipande. Akatutazama miguuni mmoja mmoja, akamvua mvuvi mmoja katambuga lake la tairi, akalikata kwa kisu akachonga kigurudumu kipya, huku anawaambia wanaoimba wanyamaze. Injini ikawaka. Maji yalipoanza kuruka ubavuni, hata mbuzi walilia. Tulirudi polepole, lakini tulirudi.

Fransisko mwenyewe amesimama kikaoni akasema, "Mimi ni mtu wa malori. Nirudisheni Sumbawanga na heshima yangu ingali nzima." Tumemsindikiza vizuri. Adela amekubali kungoja hadi kikao cha tarehe 5 Februari, siku moja zaidi hangoji. Kuna wazee wenye wapwa zao bado wanasema bahati si ufundi, na kwamba mwanamke na boti havipatani.

Tunakuomba utamke tena. Ili kusiwe na maneno, tumebuni hivi: uje Kasanga, tukufunge kitambaa machoni, mafundi watatu waitengeneze injini mmoja baada ya mwingine, nawe uhukumu kwa masikio tu. Hapo hakuna atakayesema umependelea.

Wako katika kazi,
Asnath Simfukwe, Katibu

*

Matai,
20 Januari 1994

Kwa Fundi Tadei,

Salamu, mzee mwenzangu. Mke wangu Kabula anakusalimia, anasema maziwa mgando yako yamefika siku ya nne kwenye kibuyu na hujatokea. Mashine haijambo. Jino langu bado halijaota.

Barua yako nimeisoma, na nakala ya ukurasa wa daftari nimeiona. Unaniuliza mimi ufanye nini. Nimecheka mpaka ng'ombe wakageuka. Lakini kwa vile umeniuliza, nitakuambia ambalo rafiki zako hawatakuambia, kwa sababu mimi nilianza kuwa adui na sikuzoea kukubembeleza.

Uliponitaja, nilijua ni mtego. Wiki mbili nilisubiri injini inilipukie. Halafu nikaona hakuna mtego, nikakuheshimu, na nakuheshimu mpaka leo. Ila tuseme kweli: kunitaja mimi kulikugharimu nini? Siku ile tu. Kesho yake ulikuwa mtu mkubwa wilaya nzima. Tangu hapo unatembea na jina lile kama mtu aliyevaa suti mpya, unaogopa kukaa chini. Sasa amekaa binti yako kwenye vumbi ili suti yako isichafuke.

Unasema ulijitoa kabisa. Hapana, Tadei. Ulipomtaja Fransisko ulijitazama wewe tu, kuanzia unyayo hadi utosi. Thelathini na mmoja wale wa boti, wangezama, ungewaambia nini ndugu zao?

Nimemaliza. Njoo unywe maziwa yako kabla hayajawa jiwe.

Masunga Luhende

*

Mazwi, Sumbawanga,
24 Januari 1994

Kwa Katibu,
Kikundi cha Boti Upesi,
Kasanga

Mama Asnath,

Marahaba. Naomba barua hii isomwe mbele ya watu wote, kama ile ya kwanza, na isirukwe hata pale inaponiumiza.

Mara ya kwanza mliniuliza fundi. Mimi sikuwatajia fundi. Niliwatajia jina ambalo halingenichafua. Fransisko ni mtu safi, nami nilimtuma kwenye kazi isiyo yake ili mimi nionekane safi. Kosa ni langu. Wote waliokuwa ndani ya boti tarehe 8 nawaomba radhi, pamoja na mwenye katambuga.

Kuhusu kitambaa, nakataa. Si kwa kiburi. Adela huigonga nati mara mbili kwa spana kabla ya kuifungua, tangu akiwa na miaka tisa. Ningemjua kwa mlio wa kwanza, na nyinyi mngedhani sijui. Huo ungekuwa uongo uliofungwa kitambaa. Nasema nikiwa na macho yangu wazi.

Anayefaa injini ya Upesi ni Adela Kasonso.

Kasoro zake nazijua kuliko mtu yeyote. Ana hasira ya karibu. Hupoteza boliti ndogo na kulaumu upepo. Injini ikiwa inaunguruma hasikii salamu ya mtu, hata awe askofu. Huimba akiwa kazini, na haimbi vizuri. Mkivumilia hayo, hamtapata fundi wa maji kumzidi kuanzia Kasanga hadi Mpulungu, nami nimemjumlisha baba yake. Mimi nilijifunza kwa injini za reli. Ziwa kalisoma mwenyewe.

Najua atasimama mzee mmoja aulize, huyu si binti yake? Ndiye. Nimemzaa na nimemfundisha, na ninampenda kuliko neno langu, jambo ambalo nilichelewa kulijua. Lakini nyinyi mliniuliza fundi. Ukoo hamkuniuliza.

Barabara imekatika kwa mvua, siwezi kufika. Barua hii nampa mtu wa baiskeli mpaka Matai. Kutoka hapo Masunga amesema ataileta mwenyewe, hata kwa miguu.

Tadei Kasonso

*

Mpulungu, Zambia,
8 Februari 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo! Nakuandikia nikiwa Mpulungu. Kaa chini kwanza, nikueleze.

Tarehe 5 asubuhi sanduku langu lilikuwa tayari ufukweni. Nilikwenda kikaoni kuaga tu. Barua yako haikuwa imefika, na Mama Asnath alishaanza kufunga daftari. Mara mlangoni akaingia mtu mrefu, ametapakaa tope mpaka kiunoni, ana pengo la jino, amevaa barua kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema, "Nimetembea siku mbili. Naomba maji, halafu msome." Nilikuwa sijamwona Mzee Masunga tangu siku ya fimbo.

Mama Asnath akasoma. Ulipoomba radhi, mwenye katambuga akajitazama mguu, akafuta macho. Ulipofika kwenye kasoro zangu, Baba, walicheka mpaka benchi moja likavunjika! Kila kasoro walikuwa wanaijua. Hilo la kuimba limepigiwa makofi peke yake. Fransisko ulimpa sifa sita wakakuamini kwa adabu. Mimi ulinipa kasoro nne, wakakuamini kwa moyo.

Kisha kweli akasimama Mzee Kasmir, yule mwenye wapwa watatu, akafungua mdomo: "Lakini huyu si..." Mama Asnath akainua kidole, akasoma mstari wako. Mzee Kasmir akaanza kucheka yeye mwenyewe, akasema, "Amenijibu kutoka Mazwi kabla sijauliza!" Akawa wa kwanza kuinua mkono. Mikono yote ikafuata. Nimetazama nyuma nikamwona Mzee Masunga naye ameinua, na wala si mwanachama.

Sikulia pale. Nililia baadaye, nyuma ya mapipa, kwenye ule mstari wa "kuliko neno langu". Nimemwomba Mama Asnath anipe barua ile, amekataa, anasema ni mali ya kikundi. Nimeinakili. Ipo chini ya sanduku, chini ya turubai, pale lilipokuwa daftari.

Leo alfajiri tumeondoka na watu arobaini. Shangazi Rhoda alikuwemo, amekaa juu ya gunia la dagaa anawaambia watu wote jina la ukoo wake. Maji yaliruka ubavuni safari nzima, Baba, meupe, bila kukatika hata mara moja. Niliimba. Walivumilia.

Bwana Romani alikuwa gatini. Aliponiona na sanduku akafungua mikono, akasema, "Adela, hatimaye umekuja!" Nikamwambia ndiyo, nimekuja, ila nimekuja na boti yangu.

Kesho tunarudi nyumbani.

Fundi wako,
Adela Kasonso